Jinsi Warumi Walivyouchukua Uwanja

Kitabu chenyewe nilikiokota mtaa wa maghorofa wa Nyayo Highrise, siku niliyopata kibarua cha kushusha vyombo vya familia iliyokuwa inahama. Tulishusha kabati, vitanda na friji ghorofa nne kwa ngazi, na mwishowe mwenye vyombo akasema vilivyobaki sakafuni ni takataka, tuvitupe. Kati ya takataka hizo kulikuwa na kitabu cha historia cha shule ya upili, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Kilianzia katikati ya sentensi. Nilikitia ndani ya shati nikaondoka nacho.

Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la saba, wala haikuwa kwa sababu ya karo peke yake kama ninavyopenda kuwaambia watu. Niliiacha kwa sababu sikuweza kukaa. Tangu hapo sijakaa popote kwa muda. Nimechimba mitaro, nimeponda kokoto, nimeuza mayai ya kuchemsha, nimelinda geti la watu ambao hawakuwahi kujua sura yangu. Lakini kitu kikiwa na maandishi nitakisoma, hata kama ni maelezo ya nyuma ya pakiti ya sumu ya panya.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Nilikisoma miezi mingi, simu mkononi kwa ajili ya kamusi, na sehemu iliyonishika ni ile ya Warumi. Nilikuwa nimesikia habari zao kanisani tu, kama watu wenye misumari. Sikujua kwamba walianza wakiwa si kitu. Kijiji cha vibanda vya udongo juu ya vilima, kando ya mto unaofurika, majirani pande zote, na kila mwaka vita vidogo vya kugombania malisho, vita vya karibu kiasi kwamba askari aliweza kurudi nyumbani kuvuna. Halafu unafungua kurasa kadhaa mbele na bahari nzima imekuwa yao. Niliirudia sehemu ile mara nyingi kama mtu anayehesabu chenji isiyotimia. Walifanyaje?

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kibera, upande wa Wanubi, kwa mama mmoja mjane. Babu yake aliletwa Kenya akiwa askari wa wakoloni, kutoka Sudan, na alipomaliza kazi ya bunduki akaonyeshwa msitu huu, akaambiwa akae. Mama huyo alikuwa na safu ya vyumba vitano vya matope na mabati, na mbele ya vyumba kulikuwa na uwanja. Kwa Kibera ule ulikuwa uwanja kweli. Ungeweza kuanika nguo za nyumba nne na bado mtu akapita bila kuinama. Alasiri wanawake wa Kinubi walikuja kukaa pale kwenye mkeka, wakisuka kawa za kufunikia chakula, zile za rangi kali zenye ncha juu. Mwezi wa Ramadhani watu walifuturu pale, na sisi wapangaji Wakristo tuliitwa kula gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi, tukajifanya tunakataa kwanza.

Nilimweleza siku moja kwamba Warumi pia walikuwa na desturi hiyo. Askari akizeeka anapewa shamba kwenye nchi iliyotekwa, anakaa, anaoa, anakuwa mlinzi bila kulipwa. "Babu yako alikuwa hivyo hivyo, Mama," nikasema, nimefurahi kama niliyegundua dawa.

Hakuinua macho kutoka kwenye ukili wake. "Na hao wazee wa Kirumi walipewa karatasi?"

"Nafikiri majina yao yaliandikwa."

"Basi hawakuwa kama babu yangu," akasema. "Yeye alionyeshwa kwa kidole."

Nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujificha, maana alikuwa ameniambia jambo lote la maisha yake na mimi nikasikia utani.

Shida yake ilikuwa jirani wa upande wa nyuma, mwenye ploti mwingine. Kibera mtu hasogezi ukuta. Ukuta unatembea wenyewe. Mabati yanaoza, mwenye nyumba anayang'oa ili arekebishe, na yanaporudishwa yanarudi hatua moja mbele ya yalipotoka. Ukiuliza unaambiwa fundi alikosea. Ukuta wa jirani huyu ulikuwa umetembea mara tatu, na mara ya tatu uliifikia kamba ya kuanikia nguo.

Mama alikwenda kwa wazee wa mtaa wakamwambia subira. Akaja kwangu. "Wewe una marafiki wale vijana wa taka," akasema. "Waambie waongee naye. Wao anawaogopa."

Vijana wa taka walikuwa kikundi cha watu saba waliokusanya taka nyumba kwa nyumba kwa mikokoteni. Maskani yao ilikuwa kona ya barabara, na mimi nilikuwa nakaa nao jioni nikiwasimulia kitabu. Waliniita Prof. Mwenyekiti wao alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mpole, mwenye macho mekundu ya moto wa kazi.

"Prof, leo Warumi wamefika wapi?" angeuliza.

"Bado wako nyumbani. Wanapigana na majirani juu ya ng'ombe."

"Hao ni watu wa ocha tu, watu wa mashambani."

"Subiri," ningesema. "Subiri uone."

Nani mwingine aliwahi kuningoja niseme? Baba yangu hakuningoja. Walimu hawakuningoja. Hawa watu wazima saba walizima muziki ili nisimulie, na mimi nikawa nasoma mchana kwa bidii ili jioni nisiishiwe.

Nilipowapelekea shida ya Mama, mwenyekiti alikuna kidevu. "Hiyo si kesi yetu, Prof. Tukiingia watasema tumekodiwa. Kesho wazee wanatufukuza na mikokoteni yetu."

Hapo ndipo nilipoikumbuka Kapua. Nitaeleza kwa ufupi, ijapokuwa ufupi ndio ulionishinda maisha yangu yote. Kapua ulikuwa mji tajiri uliovamiwa na watu wa milimani. Wenyeji wakaenda Roma kuomba msaada. Warumi wakasema, pole, hao wavamizi tuna mkataba nao, hatuwezi. Basi wajumbe wa Kapua wakasema: ikiwa hamwezi kutetea mali yetu, mtatetea iliyo yenu. Tunawapa mji, watu, mashamba, nyumba za miungu, vyote tunaviweka mikononi mwenu. Warumi wakawatumia ujumbe wale wa milimani kwamba wasiuguse Kapua, sasa ni mji wa Roma. Wakati huo wote Warumi walikuwa na makuhani maalumu wa kuhakikisha kwamba vita ni vya haki. Hawakupenda kuanza vita. Walipenda kuombwa.

Niliwaeleza haya. Mwenyekiti akasema polepole, "Kwa hivyo anatuandikia uwanja, halafu tukienda tunatetea chetu."

"Kwa karatasi tu," nikasema.

"Prof, wewe ni mtu hatari," mmoja akasema, na wote wakacheka, na mimi nilihisi joto kifuani ambalo sikuwahi kulihisi darasani.

Ningependa kuandika kwamba nilidanganywa. Hakuna aliyenidanganya. Ningependa pia kuandika kwamba nilitaka kumsaidia, na hilo ni kweli kidogo. Ukweli ulio mkubwa zaidi ni kwamba nilitaka kuona kama kitafanya kazi. Jambo lililofanyika zamani sana, ng'ambo ya bahari, na watu waliovaa mashuka. Nilitaka kuliona kwa macho yangu likifanyika hapa, kwenye uwanja wa mtu aliyenilisha.

Niliandika karatasi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Kwamba yeye, mwenye uwanja, anauweka uwanja wake mikononi mwa kikundi. Nikamsomea.

"Mikononi maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake atakayeugusa ametugusa sisi."

"Na baadaye?"

"Baadaye ni wako, Mama. Ni wako siku zote."

"Basi andika hivyo."

Nilimwambia si lazima, ni jambo linalojulikana. Nilisema hivyo kwa sababu kitabuni watu wa Kapua hawakuandika hivyo, na sikutaka kuharibu mfano. Ndiyo sababu yote. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasani utotoni, polepole, ulimi nje kidogo kama mtoto anayechora. Watu wa ukoo wake wamekaa Kibera vizazi vinne bila karatasi. Ya kwanza kuandikwa juu ya uwanja ule niliiandika mimi, nayo ilikuwa ya kuutoa.

Alasiri moja kikundi kilikwenda kwa jirani na karatasi na mitaimbo. Hakupigwa mtu. Ukuta ulirudi ulipotoka, hatua zote tatu, na jirani mwenyewe akashika bati upande mmoja. Mama alipika pilau. Mwenyekiti alikula sahani tatu akamwambia, "Mama, sasa lala usingizi."

Wiki iliyofuata mikokoteni miwili ililala uwanjani, kwa sababu ya ulinzi. Jirani angejaribu tena, si ndivyo? Kisha njia ya kuingilia ikawa matope kwa ajili ya mikokoteni, nami nikatoa wazo la kuitandika kwa vipande vya zege kutoka kwenye mjengo mmoja. Barabara, niliwaambia, ndiyo siri yenyewe. Warumi waliwachukua watu kwa mikataba na kuwashika kwa barabara. Nilipanga mawe yale kwa mikono yangu siku mbili. Mama alinishukuru. Viatu vyake havikuchafuka tena.

Kisha likaja tangi la kikundi la kuuzia maji. Tangi lilihitaji majirani wakubali, na mwenyekiti akauliza kama tuwaite mkutanoni. Nikasema hapana. Kamwe usiwaite pamoja. Roma ilipoishinda miji yote ya jirani zake kwa mpigo, haikufanya nao mkataba mmoja. Kila mji ulipewa wake. Huu unaruhusiwa kupiga kura, ule nusu, ule haupewi kitu ila uhuru wa kujisifu, na wenyewe kwa wenyewe wasifanye mashauri. Basi kikundi kilikwenda mlango kwa mlango. Mmoja akapewa maji ya bure. Mwingine taka zake zikabebwa kwanza. Mwingine akapewa ruhusa ya kupitisha nyaya juu ya uwanja. Hata yule jirani wa nyuma, adui mwenyewe, alipewa bomba lililopita chini ya ukuta wake, akawa rafiki. Kila mmoja alipata kidogo ambacho mwenzake hakuwa nacho, na hakuna aliyetaka kukipoteza kwa ajili ya mkeka wa wanawake wanaosuka.

Mkeka ule ndio niliokuwa nikiutazama. Mwanzoni ulikuwa katikati ya uwanja. Tangi lilipokuja ulihamia ukutani. Stoo ya mabati ilipojengwa, kwa ajili ya vifaa, ulihamia karibu na mlango wa Mama, na wanawake wakapungua kutoka sita hadi watatu kwa sababu hapakuwa na pa kunyoosha miguu.

"Mwanangu," Mama aliniuliza siku moja nikichota maji, "hawa wenzako wanaondoka lini?"

"Mama, yule jirani bado yupo."

"Jirani anakunywa chai na mwenyekiti wako kila asubuhi."

Nilifunga mfereji nikabeba ndoo yangu.

Stoo ilihitaji mlinzi, na mlinzi alihitaji kitanda. Baada ya hapo wakaongeza chumba kando yake, na kingine, na vyumba vilipoanza kutafuta wapangaji, cha kwanza nilipewa mimi, bila kodi. Nilihama kutoka chumba cha Mama kwenda chumba kilichosimama juu ya uwanja wa Mama. Nilibeba godoro langu mchana, hatua kumi na mbili, naye amekaa mlangoni anasuka. Akasema, "Umehamia karibu." Nikasema ndiyo. Kulikuwa na dirisha zuri.

Kitabuni kuna sehemu ambayo sikuwasimulia wale wa maskani. Inaeleza kwamba Roma ilipokuwa kubwa sana, Warumi wa kawaida waliokuwa wakipiga kura waliamka wakakuta hawaamui kitu tena, na wale waliotekwa hawakujua ni lini hasa walitekwa, kwa sababu hakuna siku moja ambayo mtu angeionyesha kwa kidole. Nilisoma hayo nimelala chini ya dirisha langu, nikasikia nje wanawake wawili wakibishana na mtu wa mkokoteni aliyeegesha juu ya mkeka. Nilifunga kitabu. Mwezi huohuo nilihamia Kawangware. Nilijiambia nimechoka na Kibera. Kuondoka nilikujua vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Kawangware nilipata kazi ya kupakia mchanga, nikapanga chumba karibu na soko. Mwaka na zaidi ukapita. Halafu asubuhi moja, nikipita kununua viazi, nikaona kawa zimepangwa juu ya gunia mbele ya duka la nguo za watoto, nyekundu, kijani na zambarau, na nyuma yake Mama. Alikuwa amekonda. Duka lilikuwa la binti yake.

"Huyu," akamwambia binti yake kabla sijapata njia ya kugeuka, "huyu ndiye kijana wa vitabu."

Binti alinitazama kama watu wanavyotazama soli ya kiatu baada ya kukanyaga kitu. Alijua. Nikamsalimu, akageukia nguo zake.

Mama alinipa stuli. Akanieleza bila haraka. Vyumba vya uwanjani vilikuwa vimefika vinane, na chake kilikuwa kimezibwa mwanga. Wanawake waliacha kuja. Magoti yalimshinda kuzunguka tangi kwenda msalani. Binti akamleta hapa. Lakini kulikuwa na wazee wapya wa mtaa, na mmoja alikubali kusikiliza. Kikundi kina karatasi. Yeye hana kitu.

"Aliyeiandika yupo," akasema. "Nimekuwa nikimuuliza Mungu amenifichia wapi, kumbe anakula viazi Kawangware."

"Mama, mimi—"

"Jumamosi, saa nne. Utasema?"

"Nitasema."

"Sikiliza, nisikuchoshe. Usiwape hadithi. Sema uwanja ni wake, ukae chini. Maneno matatu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Binti akasema kitu kwa Kinubi, na Mama akamjibu kwa Kinubi, kisha akanipa kikombe cha chai.

Jumamosi nilifika mapema. Kikao kilikuwa katika darasa la chekechea, na viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo wazee watatu walikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Mwenyekiti wa kikundi alikuwapo na karatasi yangu, imetiwa kwenye plastiki ngumu. Alinipokea kwa furaha ya kweli.

"Prof! Umepotea sana, buda. Warumi wako aje?"

"Wako tu."

Jirani wa nyuma alikuwapo. Aliyepewa maji ya bure alikuwapo, na aliyepitisha nyaya, kila mmoja amekaa peke yake. Mama alieleza shida yake kwa sentensi chache. Mwenyekiti akaeleza kwamba kikundi hakikumnyang'anya mtu, kiliombwa, na akaisoma karatasi. Aliisoma vizuri. Nilisikia mwandiko wangu.

Mzee aliyekuwa katikati, mwenye kofia ya sufu, akaniita. "Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ni mimi."

"Hapa panaposema mikononi mwa kikundi, mlikuwa mnamaanisha nini? Tueleze."

Nilisimama. Mama alikuwa upande wangu wa kushoto, mikono mapajani. Maneno yote matatu yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeambiwa nieleze, na nikaona kwamba bila kueleza neno lile lilitoka wapi wasingeelewa kosa langu lilivyokuwa, na nikasema, "Wazee, zamani kulikuwa na mji unaitwa Kapua."

Nilidhani naungama, wallahi. Nilidhani naupasua moyo wangu mbele yao. Nikaeleza watu wa milimani. Nikaeleza wajumbe waliolia mbele ya baraza la Roma. Nikaeleza wale makuhani wa vita, na jinsi maadui walipokuwa mbali sana kuwafikia kwa mkuki wa kutangazia vita, Warumi walichukua kipande cha ardhi palepale mjini kwao, wakakiita nchi ya adui, wakauchoma mkuki hapo. Mzee mmoja akacheka hadi akajishika ubavu. Waliosimama mlangoni wakasogea ndani. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja, na nilikijua kile kimya, nilikuwa nimekikosa mwaka mzima. Mama akanivuta shati. Nilihisi. Nikaendelea.

"Hebu," akasema mzee wa kofia, ameinama mbele, "na hao Kapua waliishia wapi?"

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nilifurahi kuulizwa.

"Baadaye sana waliasi, mzee. Wakamfuata adui wa Roma. Roma iliporudi ikawanyang'anya mashamba yote, yakawa ya Roma."

Mwenyekiti aliinua mkono polepole. Sidhani alikuwa mwovu hata wakati huo. "Kwa hivyo, Prof, hata huko karatasi ilisimama."

"Haikuwa karatasi, ilikuwa—"

"Lakini ilisimama."

Wazee wakatazamana. "Mwenye kuandika amesema mwenyewe," akasema wa kofia, na akaandika kitu. Nilifungua mdomo. Mama akasema, bila ukali, "Kaa chini, mwanangu." Nikakaa kwenye kile kiti cha mtoto.

Wakaamua hivi. Vyumba vina wapangaji, mmoja amejifungua juzi, huwezi kuvunja. Karatasi ilitolewa kwa hiari. Lakini kwa heshima ya mama, kikundi kimwachie njia ya kupita na nafasi mbele ya mlango wake, upana wa mkeka mmoja. Mwenyekiti akakubali upesi, akamshika Mama mkono kwa mikono miwili. Jirani wa nyuma akaniambia nje kwamba hajasikia hadithi tamu namna ile tangu azaliwe.

Nilimrudisha Mama Kawangware. Njiani hakusema kitu, nami nilijua kwamba nikianza kusema sitanyamaza, kwa hiyo nilinyamaza, safari hii ambapo kimya hakikuhitajika tena. Binti yake alikuwa mlangoni pa duka.

"Alisema?" akamuuliza mama yake, kwa Kiswahili, ili nisikie.

Mama alikuwa anatafuta pa kushika apande ngazi. Nilinyoosha mkono, akashika fremu ya mlango.

"Alisema sana," akajibu, akaingia.

Wiki iliyofuata nilichukua karatasi nikaandika maneno yale matatu, na chini yake kwamba Mama aliniambia niandike hivyo tangu mwanzo nikakataa kwa upumbavu wangu, kisha nikaweka sahihi. Nikaipeleka Kibera kwa mzee wa kofia. Aliisoma akiwa amesimama, haikumchukua muda.

"Hii ungeisema siku ile," akasema, "tungekuwa na la kuzungumza."

"Bado haijachelewa, mzee?"

"Si mimi wa kuitisha. Mwenye uwanja akitaka kikao kingine nitaita. Ila uje useme kwa mdomo, mbele ya wale wote, na ukae. Mwambie yeye."

Hizo ni wiki tatu sasa. Kutoka chumbani kwangu hadi duka la binti yake ni mwendo wa dakika kumi, hata ukipita njia ya sokoni yenye watu. Nimekwenda mara mbili hadi pale ambapo kawa zinaonekana. Siogopi atakataa. Naogopa atakubali, anishike mkono aniambie Jumamosi, saa nne, na nikisimama mbele ya watu wanaoningoja niseme, sijui kama nitaweza kusema matatu na kukaa.